Mlango wa Bet Zarne

Hebu niambie wewe unayesoma: mlango wa nyumba uliyokulia ulikuwa na kimo gani? Usikimbilie kujibu. Rangi yake utaikumbuka, na mlio wa bawaba zake, na mahali mama yako alipokuwa akificha ufunguo. Lakini kimo? Ulipita pale kila siku ya utoto wako na hukuupima hata mara moja. Nani anapima mlango wa kwao?

Sasa fikiri kwamba nyumba ile imebomolewa, na mashine imesimama tayari kuijenga upya, inakusubiri wewe useme. Ukisema vibaya itajenga vibaya, kwa mawe, na wajukuu wa wajukuu wako watapita hapo wakidhani ndivyo ilivyokuwa. Ukinyamaza, itajaza yenyewe.

Hapo ndipo tulipokuwa siku ya kwanza ya saumu ya Waninawi, sebuleni kwa Nahrin Odisho, hapa Usangi, milimani Upare.

Nahrin ni jirani yangu, ua wetu ni mmoja. Ukoo wao ni Waashuru. Babu zao walikuja huku mito ya kwao ilipokauka na vita vikawafikia, familia chache tu, wakapewa mashamba upande wa juu wa barabara, na siku hizi watoto wao wanakisema Kipare vizuri kuliko wajukuu zangu. Nahrin amezaliwa hapa hapa. Bibi yake, ambaye wote tunamwita Nana Nazlu, maana nana kwao ndiyo bibi, alikuja akiwa msichana. Na Nana Nazlu ndiye pekee aliyebaki duniani aliyewahi kusali ndani ya kanisa la Mar Khananya, katika kijiji cha Bet Zarne, huko milimani kwao. Wengine waliosali pale wamekwisha. Kanisa lenyewe ni kifusi, na kijiji ni kifusi.

"Bibi Nakundwa, sogea uone," Nahrin aliniambia, akagusa kioo cha ukutani.

Ukurasa wa Mar Khananya ulifunguka. Jamani, ulikuwa umependeza! Waashuru wa kujitolea, walioko Sweden, Australia, Iraki na huku kwetu, walikuwa wameuandika kwa miaka mingi katika Ensaiklopidia, kila mtu na kipande chake. Mmoja kaandika aina ya mawe. Mwingine kaandika pazia la madhabahu, jinsi lilivyofumwa na lilifunguliwa wakati gani wa ibada. Yule wa Australia kaandika taa za mafuta na mahali zilipotundikwa, na kwamba ndani hapakuwa na sanamu wala picha, msalaba mtupu tu. Kila sentensi ina chanzo chake, kila chanzo kina jina la mtu. Mimi napenda kitu kilichopangwa hivyo, kama kabati la vyombo la mtu msafi.

Halafu nikafika kwenye visanduku vya vipimo, nikasoma: Kimo cha mlango, mita mbili na sentimita kumi.

"Hiki nani kakijaza?"

Kwenye pembe ya kioo, Shamasha Yonan alikohoa. Shamasha ni shemasi kwao. Huyu anaishi Sweden, mwanamume mnene mwenye masharubu meupe, na nyuma yake dirishani theluji ilikuwa inaanguka.

"Dada Nakundwa, usinikate kichwa. Kisanduku kilikuwa kitupu, na kisanduku kitupu kinakwamisha ukurasa mzima. Nikaweka ya wastani."

"Wastani wa nini?"

"Wa milango."

"Milango ya nani?"

Nahrin akacheka puani. "Ya benki, Bibi. Ya hospitali. Ya stendi. Ya dunia nzima."

Nana Nazlu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anafuma soksi. Tulidhani kasinzia. Akasema bila kuinua macho, "Ule haukuwa mlango wa kupitisha ngamia."

Wote tukageuka.

"Ulikuwa mfupi. Chifu akija, anainama. Mchunga kondoo akija, anainama. Na mwenye farasi na upanga haingii bila kushuka, na akishashuka na kuinama, kwanza umeshamwona kisogo." Akavuta uzi. "Mita mbili! Yonan, wewe kanisa lenu huko mnaingia na lori?"

Shamasha alicheka mpaka masharubu yakatikisika, lakini niliona uso wake umeiva kwa aibu.

"Mfupi kiasi gani, Nana?" Nahrin akauliza. Alishauliza hilo mara nyingi, ilisikika kwenye sauti yake.

"Mfupi."

"Kifuani? Begani?"

"Wa kutosha," Nana Nazlu akasema, akarudi kwenye soksi yake.

*

Nieleze kidogo hapa, ili usije ukajiuliza kwa nini watu wazima wanagombania sentimita.

Siku hizi vijiji vilivyobomolewa vinajengwa na waashi. Sisemi fundi Elinazi wa hapa Usangi mwenye pima maji yake. Nasema mashine, zile zenye miguu mingi, zinazookota mawe ya kifusi chenyewe, zinajua lipi lilikaa juu ya lipi, na kuyapanga tena. Waashi hawana akili ya kubuni na hilo ndilo jema lao. Wanasoma ukurasa wa Ensaiklopidia uliopigwa muhuri, wanajenga kilichoandikwa. Ndiyo maana siku hizi kuandika ukurasa ni kazi ya kutetemesha mkono. Kuna kijiji kimoja, mwandishi mmoja mwenye mapenzi mengi aliandika kwamba mlangoni mwa kanisa walilala mbwa wawili. Waashi wakachonga mbwa wawili wa mawe. Wako pale mpaka leo, masikio wima, na padri anawaruka akienda kusalisha.

Kitu pekee ambacho waashi hukubali kukisubiri ni kile tunachokiita kipimo cha papo. Ukiandika kwamba kipimo fulani kitatolewa na shahidi akiwa amesimama pale pale, wanajenga vingine vyote, wakifika hapo wanasimama. Kijiji kingine walimsubiri mzee aje aonyeshe ulipokuwa mti wake wa jozi. Mzee alifika, akaagiza chai kwanza. Waashi wakasubiri chai. Lakini hilo ni la mashahidi wanaoweza kusafiri, na Nana Nazlu, kufika tu kwenye duka la mangi pale chini, ilikuwa safari ya kupumzika njiani.

Na mimi, Mpare niliyeishia darasa la saba, natafuta nini katika kanisa la Waashuru? Kanuni. Ukurasa wowote unaohusu watu fulani hupigwa muhuri na wahakiki watatu, na mmoja wao lazima awe hana damu ya watu wale. Waliiweka kanuni hiyo baada ya ndugu kuandikiana sifa mpaka kila kijiji kikawa na kanisa kubwa kuliko la jirani. Shamasha Yonan alikuwa mhakiki wa kwanza, Nahrin wa pili. Wa tatu walinichagua mimi kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi nikinunua kitunguu nitataka kujua kililala wapi.

Muhuri wangu ndio ulikuwa wa mwisho. Na theluji ikiyeyuka tu, waashi wanaingia kwenye bonde la Bet Zarne. Halmashauri ya Waashuru wenyewe ilikubaliana kwamba kurasa zifungwe mwisho wa saumu, jua likizama. Ukurasa ambao haujafungwa, waashi wanauruka, wanakwenda bonde linalofuata, na orodha ya mabonde ni ndefu. Hakuna kati yetu ambaye angeishi kuwaona wakirudi.

Picha ilikuwepo moja tu. Harusi. Bwana harusi, bibi harusi, wapiga zurna, zile zumari zao, watoto, kuku, wote wamesimama mbele ya mlango wa kanisa na kuuziba. Nahrin aliikuza picha ile mpaka ikawa vumbi. Juu ya kofia ya bwana harusi panaonekana kivuli, na kivuli hakikubali kupimwa.

"Kimebaki kilemba tu," Nahrin alisema siku ile ya kwanza, taratibu, kama mtu anayeweka kisu mezani.

Kilemba ni kitambaa chenye nyuzi za kusomea ubongo. Unafungwa kichwani, unaambiwa ukumbuke, na unachokumbuka kinatoka kwenye kioo kikiwa na umbo na vipimo. Hakidanganyi. Ensaiklopidia inakikubali kama shahidi kamili. Ila kina bei yake, na bei hiyo haiandikwi kwenye boksi: kumbukumbu iliyonyanyuliwa hairudi ilivyokuwa. Ukitaka kuikumbuka tena, unachokumbuka ni kile ulichokiona kwenye kioo.

Mimi nakijua. Nilikivaa kwa ajili ya ukurasa wa msaragambo, ile kazi yetu Wapare ya pamoja ya kuchimba mifereji na kutengeneza njia. Baba yangu ndiye aliyekuwa akipuliza baragumu alfajiri kuita watu. Nilitoa kumbukumbu yake kwa hiari yangu na sijuti: mtoto yeyote duniani akitaka kusikia baragumu la Usangi lilivyolia, anasikia. Lakini zamani nikifumba macho nilimwona baba akifuta mdomo wa baragumu kwa kiganja, na harufu ya tumbaku yake ilinijia mpaka napiga chafya. Sasa nikifumba macho naona mtu kwenye kioo. Ni baba, sura ndiyo, mavazi ndiyo. Harufu hakuna.

*

Siku ya pili nilipika makande, nikajaza hotipoti, nikavuka ua. Nana Nazlu alikuwa peke yake barazani na shali mabegani.

"Unanijaribu, shetani wewe," akasema alipoona hotipoti.

Ndipo nilipokumbuka. Saumu ya Waninawi ni siku tatu, wanafunga kwa sababu ya watu wa Ninawi waliofunga Yona alipowahubiria. Nilishika kichwa. "Nisamehe, dada. Nimezeeka."

"Yona alimezwa na samaki mzima mzima, na mimi hata kumeza kijiko cha makande siruhusiwi." Akanusa. "Umetia nazi?"

"Nimetia maziwa."

"Funika basi! Funika, nitakula kesho jua likizama. Usimpe Nahrin, atamaliza."

Nilikaa kwenye kigoda. Alikuwa amevaa gauni ambalo sikuwahi kuliona, la bluu iliyofifia, lenye mashada ya uzi mwekundu kwenye mikono. Lilimkaa vizuri, upindo umefika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nililishika ncha nikaangalia mshono. Wa mkono, mdogo mdogo, sawasawa kama punje za mtama.

"Huu mshono wa nani?"

"Wa mama yangu. Nilitoka nalo Bet Zarne. Nilikuwa msichana." Akajitazama. "Nilipokua halikuniingia tena, nikalitunza. Mwaka juzi nikasema hebu. Likaingia. Nahrin ananicheka, ati Nana unarudi utotoni. Nimefupika, Nakundwa. Uzee unamkunja mtu kama khanga."

"Nahrin ameniambia umekubali kilemba."

"Nimesema sawa."

"Sawa ya kukubali, au sawa ya mtu aniondokee?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Nitakuambia kitu. Tulipotoka, tulipita mipaka mingi. Kila mpaka kuna mtu na bunduki au mtu na karatasi. Mama alitufundisha, mtu yeyote akikuuliza chochote, sema sawa. Mtalala hapa nje, sawa. Majina yenu ni marefu, tunayakata, sawa. Mtakwenda Afrika, sawa." Akajigusa kipaji cha uso, pale kwenye kovu lake jeupe chini ya nywele. Kovu lile nililijua kwa miaka, nikidhani ni la kuanguka. "Basi ulimi ukazoea. Nahrin ananipenda. Akiniuliza kwa uso ule wa mama yake, nitasema nini?"

"Na kovu hilo?"

"Huu ndio mlango wenyewe." Akacheka kidogo. "Siku ya kutoka tuliingia kanisani, qasha, kasisi wetu, akatubariki haraka haraka. Watu wakatoka wanakimbia. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kutazama, maana taa ilikuwa bado inawaka na hakuna aliyeizima, nikawa nawaza nani ataizima. Sikuinama. Jiwe la juu likanipiga hapa. Nilivuka mpaka wa kwanza na damu usoni."

Akaendelea kwa sauti ya chini.

"Baba yangu yuko pale, unajua? Nilipokuwa mdogo kabisa alikuwa akinibeba mabegani siku ya sikukuu. Tukifika mlangoni anapiga magoti ili mimi nisijigonge, anapita kwa magoti, mtu mzima vile, na kofia yake ya manyoya inanuka moshi na kondoo, na ananiambia, inama, nuru ya macho yangu. Ni pale tu ninaposikia sauti yake. Kwingine kote namwona, lakini hasemi. Mkininyanyulia mlango, naye mnamnyanyua."

"Mwambie Nahrin hivyo."

"Nimwambie kanisa la watu wote lipotee kwa ajili ya kofia ya baba yangu?" Akavuta shali. "Nimesema sawa. Nenda na hotipoti yako, harufu inanitesa."

*

Siku ya tatu alasiri, sebule ilikuwa imefagiliwa na kilemba kimekunjuliwa juu ya meza, cheupe, nyuzi zake zinametameta kidogo. Nana Nazlu alikaa kwenye kiti chake na gauni la bluu, mikono mapajani. Shamasha Yonan alikuwa kwenye kioo na hakutania mtu. Alikuwa amekifuta kile kisanduku cha mita mbili. Kilikuwa kitupu, chekundu.

"Bibi Nakundwa," Nahrin akasema, "tuanze, jua halitusubiri."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Tumengoja tangu nizaliwe."

"Najua kinachotolewa pale. Mimi nilitoa."

"Na ulisema hujuti! Nimekusikia mwenyewe ukisema." Alikuwa amesimama, midomo mikavu kwa saumu, macho yamewaka. "Bibi, nikuambie ukweli? Watu wetu wamezikwa na vitu vyao kichwani. Mmoja kaondoka na wimbo, mwingine kaondoka na jina la chemchemi, mama yangu kaondoka na sijui nini, sikuwahi kuuliza. Kila mmoja alikuwa na haki ya kunyamaza, sawa, na jumla ya haki zao zote ni kifusi. Nana akiondoka na mlango, mtoto wangu ataingia Mar Khananya kama anaingia benki. Hatajua hata kwamba kuna kitu cha kuinamia."

Alikuwa anasema kweli. Nilitazama kilemba, nikamtazama Nana Nazlu, ambaye alikuwa anatazama sakafu, na nilimwona akiwa amekaa kama mtu aliyeko kwenye foleni ya ofisi.

"Basi sipigi muhuri," nikasema.

"Nini?"

"Kilemba kikivaliwa hivi, sipigi. Na mkiandika wastani, sipigi. Muhuri uko kwenye kidole changu, na kidole kiko hapa." Nikaukalia mkono wangu, kabisa, kama mtoto mkaidi.

"Wewe si damu yetu," Nahrin akasema.

"Nazlu! Nahrin!" Shamasha akapaza sauti, akichanganya majina kwa wasiwasi.

Lilinichoma, lakini nilikuwa nimelitegemea. "Ndiyo maana mlinipa kiti hiki," nikasema. "Mngeniita kuwapigia makofi, msingehitaji Mpare. Kanuni inasemaje, Shamasha? Mhakiki asiye na damu afanye nini kabla ya kilemba?"

"Amwulize shahidi," akajibu polepole. "Yeye mwenyewe. Kwa lugha ya shahidi."

"Nilishamwuliza," Nahrin akasema. "Alisema sawa."

"Ulimwuliza kama anakubali. Mimi sitamwuliza hilo."

Nikasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. Kiashuru changu ni cha jikoni, nimekiokota kwenye kukanda unga pamoja, najua kusema chumvi na lete na umeshiba. Lakini maneno mawili niliyoyahitaji nilikuwa nayo, maana ndiyo yeye huniuliza kila nikifika mlangoni kwake. Nikamwuliza kwa lugha yake: unataka nini?

Akatazama kando, akamtafuta Nahrin kwa macho.

"Usimtazame huyo. Nitazame mimi."

"Nimesema sawa," akanijibu kwa Kiswahili.

"Sikukuuliza hilo." Nikamwuliza tena, kwa Kiashuru.

Mikono yake ilianza kuvuta upindo wa gauni, ule mshono wa mama yake, akiupapasa punje kwa punje. Nahrin akataka kusema kitu. Shamasha, kutoka huko kwenye theluji yake, akaweka kidole mdomoni. Nje jogoo wa mtu alikuwa anawika bila sababu. Nami nilingoja. Kungoja ni kazi ninayoiweza. Nimelea watoto na nimepika maharage ya mlimani.

Nikamwuliza mara ya tatu.

"Mnaniuliza nakumbuka nini," Nana Nazlu akasema hatimaye. Sauti ilitoka nzito, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. "Kila mtu. Yonan, Nahrin, wale watoto wa Australia kwenye kioo. Nana unakumbuka nini, Nana unakumbuka nini. Nimekuwa kabati. Watu wanafungua, wanachukua, wanafunga."

"Nana..." Nahrin akasema.

"Sijamaliza." Na nakuambia, sikuwahi kumsikia akimkatiza mjukuu wake. "Kilemba sikitaki. Baba yangu simtoi. Mwanao nitamsimulia kwa mdomo, kila kitu, kofia na moshi na kondoo, aje akae hapa chini nimsimulie, lakini sauti ile naenda nayo. Yonan!"

"Naam, Nana."

"Jiwe la chini la mlango bado lipo? Lile la kizingiti?"

Shamasha alipapasa vitu mezani kwake, akaleta picha ya kifusi iliyopigwa kutoka angani. Akaikuza. Katikati ya mawe yaliyotawanyika, moja lilikuwa limelala mahali pake, limelika katikati kama bakuli kwa nyayo za watu.

"Lipo, Nana. Halijasogea."

"Mguu unazama pale," akasema. "Ndiyo maana hamwezi kupima kwa picha wala kwa rula. Mguu unazama, kichwa kinashuka." Akasimama. Alijishika kwenye bega langu, akasimama wima kwa kadiri alivyoweza, gauni likateremka likakaa juu kidogo ya kifundo cha mguu, pale pale. "Siku ile gauni lilifika hapa. Leo linafika hapa. Nimekuwa mrefu, nimezaa, nimezika, nimefupika, sasa nimerudi kimo kile kile. Hili kovu liko mahali pake. Nikisimama juu ya kizingiti kile, jiwe la juu waliweke hapa, kwenye kovu."

Nahrin aliweka mkono mdomoni. Shamasha Yonan alishaelewa, nilimwona anaandika kwenye kile kisanduku chekundu, herufi moja moja, naye anasoma kwa sauti: "Kipimo cha papo. Shahidi, Nazlu binti Shlimon wa Bet Zarne. Waashi wasubiri." Halafu akasita. "Lakini Nana, safari... ndege, halafu bonde lile, na miaka yako. Hata dukani hufiki."

"Dukani sina haja napo."

"Na kama ukifia njiani?"

"Si nitakuwa njiani?"

Nahrin alikwisha piga magoti mbele yake, amemshika mikono, analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Nana, kwa nini hukusema? Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia unataka kwenda?"

"Hukuuliza, nuru yangu. Na mimi nilikuwa nasema sawa." Akamfuta machozi kwa kidole gumba. "Halafu si kwenda tu. Kwenda ni kwenda, hata mbuzi anakwenda."

Kisanduku kiligeuka kijani. Nilitoa mkono wangu nilipokuwa nimeukalia, umekufa ganzi, nikanyoosha kidole kuelekea kwenye kioo. Kisha nikakirudisha, kwa sababu niliona bado ana neno.

"Sema, dada," nikamwambia. "Lisemwe kwanza, ndipo nipige."

Nana Nazlu alitazama mlango wa sebule ya Nahrin, mlango mrefu wa mbao za kawaida, na nyuma yake migomba na jua linalozama.

"Nataka nikute wamewasha taa," akasema. "Nataka niingie, nikae kidogo, halafu niizime mwenyewe. Na nikitoka, safari hii, nataka kutoka nimeinama."